Kati ya Nukta Mbili

...maana kingeanguka chenyewe kingekutwa kitandani, ndani ya mikunjo ya shuka, au sakafuni, au kingekuwa kinaning'inia kwenye waya wake kama panya aliyeshikwa mkia, lakini hakikuwa kitandani wala sakafuni, kilikuwa juu ya kimeza cha pembeni, kando ya bilauri, kimelazwa vizuri, kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni ya mgonjwa, na kitu hakilali namna ile ila kimelazwa kwa mkono na kwa nia, basi ni nani aliyekilaza, muuguzi aliapa si yeye, mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa amegeukia ukutani, na dada... dada ndiye aliyekuwa na mikono ya kuweka vitu vizuri, miaka yote studioni kwake akizipanga lenzi za kamera juu ya kitambaa kama mtu anayelaza vifaranga, lakini kwa nini akivue, na kwa nini wakati ule, alitaka kujikuna, alitaka kuandika ujumbe kwenye simu, alichoka kufungwa waya, au alichoka tu, kwa jumla... swali hili Injinia amelala nalo na kuamka nalo tangu mazishi ya dada yake, amelipeleka kazini na kulirudisha nyumbani kama mwavuli siku isiyo na mvua, na hata sasa, mchana kweupe, katika chumba cha mikutano ambacho meza yake imekizidi chumba chenyewe, bosi amesimama mbele ya ukuta na mwanga wa projekta umempaka shati lake rangi za grafu, hata sasa analo mapajani. "Injinia, tuko pamoja?" bosi anauliza, naye anajibu, "Tuko pamoja, bosi," kwa sauti ya mtu aliye pamoja.

"Kwa hiyo narudia," bosi anasema, kwa sababu bosi hupenda kurudia, si kwa ubaya, ni mtu aliyeanza na meza moja na kompyuta moja ya kuazima, na mpaka leo haamini kwamba watu wanamsikiliza, "kiunzi tumeshachagua, hatuna mjadala, kurasa zote zimehamia huko isipokuwa huu wa grafu za wagonjwa, sasa tunachagua maktaba ya kuchora hizo grafu, tunaipachika kwenye kiunzi, tunafunga kazi, mwezi ujao tunaingia wodi ya watoto." Wodi ya watoto, amesema hivyohivyo, kama mtu anayetaja kituo kinachofuata. Wao huita kiunzi ile mifupa inayobeba kurasa zote za mfumo, na huita maktaba ule mzigo wa msimbo, maagizo ya kompyuta ya lugha ya JavaScript, ulioandikwa na watu wasiowajua, huko duniani, unaubeba ulivyo na kuuingiza katika kazi yako ili usianze kufinyanga chungu ambacho tayari kiko jikoni, na maktaba zilizobaki mezani ni mbili, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuzijaribu zote na kuja na jina moja, na ofisi imekwisha kuzibatiza. Ya kwanza ni Bi Harusi, kwa uzuri wake, mistari yake inapinda kama shingo ya korongo, rangi zake zinapokezana bila kugombana, na imekuja na kipachiko chake tayari, cha kuishikiza kwenye kiunzi hiki hiki, "Chanda na pete!" bosi anasema akigusa ukuta, "saa moja tu ya kazi, Injinia, wewe mwenyewe uliniambia saa moja!" na ni kweli alimwambia. Ya pili ni Kobe. Kobe ana mistari iliyonyooka na migumu kama waya wa kuanikia nguo, hana kipachiko, tena anataka kuchora ukurasa mwenyewe wakati kiunzi nacho kinataka kuchora ukurasa huohuo, mafahali wawili zizi moja, mpaka mtu akae kati yao na kuandika msimbo kwa mkono, mwezi mzima, wa kuamua nani akanyage wapi.

Na tofauti nyingine ipo, bosi hajaitaja kwa sababu kwake ni jambo dogo, ipo katika ukurasa wa mwisho wa majaribio yake na pengine hakufika huko... kifaa kikikosa kusoma kitu kinatuma tupu, si sifuri, sifuri ni habari, tupu ni kukosa habari, na Bi Harusi akipewa tupu anaitupa kimyakimya na kuunganisha nukta ya kabla na nukta ya baada, kwa upindo mzuri wa shingo ya korongo, kana kwamba katikati pale palikuwa na maisha yaliyopimwa. Kobe akipewa tupu anaacha pengo. Basi. Mstari unafika, unakatika, kuna weupe, unaanza tena mbele.

Aliyekaa mkabala naye ni Babu, ambaye si babu wa mtu, hajafika hamsini, ila kichwa kiliota mvi mapema na ni mkongwe kuliko wote ofisini, humwita yeye mjukuu, "mjukuu, njoo unikune mgongo wa huu msimbo," ndivyo alivyokuwa akisema zamani, sasa hasemi, tangu mazishi amekuwa mtu wa kumwekea kikombe cha chai mezani na kuondoka kwa ncha za vidole, na sasa hivi anachezea kifuniko cha kalamu, anakifunga na kukifungua, tik, tik, na Injinia anaitazama mikono ile... mikono ile ndiyo iliyoandika ule mstari. Si siri, wote walikuwepo. Miaka hiyo skrini ya wauguzi ilikuwa ikizima ghafla, yote, weupe mtupu, wodi nzima vipofu, hospitali inapiga simu, bosi anapiga kelele, hakuna anayejua kwa nini, na Babu akajifungia na tatizo lile wiki nzima mpaka akalinasa, kumbe tupu ikiingia ile maktaba ya zamani inakwama na kuanguka, kwa hiyo akaandika mstari mmoja tu wa msimbo, mstari wa kuchuja, kila kilicho tupu kitupwe kabla hakijafika kwenye grafu, kama unavyotoa mawe kwenye mchele, na skrini haikuzima tena. Bosi aliagiza soda. Walipiga makofi, na yeye alipiga makofi, na makofi yalikuwa ya haki, hilo ndilo linalomkaba, kwamba ukirudi siku ile ukakaa kwenye kiti kilekile ungepiga makofi tena, maana nani aliwaza, nani kati ya watu watatu wanaokunywa soda angewaza kwamba katika mawe yale yaliyotupwa kulikuwa na habari moja kubwa, kwamba hapa hatumwoni mgonjwa.

"...na mteja anakula kwa macho kwanza," bosi anasema, "hata wewe, Babu, ulipooa uliangalia nini?" "Mimi niliangaliwa," Babu anasema, bosi anacheka peke yake, kalamu, tik, na Injinia yuko wodini tena, mchana, joto, pazia la bluu lisilofika mwisho, amerudi kutoka kununua maji, muda mfupi tu, foleni ya watu kidogo, na anakuta kitanda kimezungukwa. Kabla ya hapo muuguzi alikuwa mezani kwake, na atamlaumu vipi muuguzi, mtu mmoja na vitanda vingi kama meno mdomoni, na vifaa vya vitandani vinavyolia kutwa kucha kwa sababu na bila sababu mpaka wakavipunguza sauti ili wagonjwa wapate usingizi, yeye alikuwa na skrini, skrini yao, kazi yao hawa watatu, na skrini ilimwonyesha mgonjwa wa kitanda kile yuko kwenye oksijeni tisini na nne kwa mia, tisini na nne si mbaya, mstari umefika mpaka ukingoni, umejaa, umetulia, kwa sababu tupu zote zilizokuja baada ya kibanio kuvuliwa zilitupwa kama mawe na picha ikabaki imesimama kwenye namba njema ya mwisho kana kwamba imetoka kusomwa sasa hivi. Na mtu mwenye tisini na nne unamwacha apumzike. Unakwenda kwa anayelia.

Na baadaye, baada ya daktari kusema, baada ya shuka, muuguzi yule alimshika bega akampeleka mezani kwake, kwa huruma kabisa, machozi yalikuwa yanamlengalenga yeye muuguzi, akamwonyesha skrini, "Tazama mwenyewe, mdogo wangu, ameshuka taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi nyumbani kwake, hakushtuka, hakuteseka," na kweli pale kulikuwa na mstari mrefu ulioteremka kwa upole kutoka tisini na nne mpaka kwenye ile namba waliyoipata walipomrudishia kibanio na kukuta wamechelewa, mteremko mzuri, mtu angeweza kuuteremka kwa baiskeli bila kushika breki. Na katika wodi nzima yeye peke yake ndiye aliyejua kuusoma. Alikichukua kipanya bila kuomba, akaupeleka mshale juu ya mstari, maana penye nukta ya kweli ukipeleka mshale inatokea namba na wakati wake, akaanza na tisini na nne, namba ikatokea, akasogeza kidogo, hakuna, akasogeza, hakuna, akausogeza mshale ule mteremko wote mpaka chini na hapakutokea namba hata moja. Hapakuwa na ngazi. Hapakuwa na kushuka. Kulikuwa na nukta mbili na kati yake dada yake alifanya kitu au alifanyiwa kitu au aliita mtu au hakuita, na mashine ikachora mstari. "Umeona?" muuguzi akauliza. "Nimeona," akasema, "asante sana, dada."

Na sasa ana sentensi. Amekuja nayo leo, ameitayarisha bafuni, ameipunguza maneno mpaka ikabaki kama sindano, *Babu, ule mstari wako ndio uliomfunika dada yangu*, ataisema mbele ya bosi, atamtazama mikono, kalamu itanyamaza... na akiisema hakuna atakayethubutu kumtaja Bi Harusi tena, Kobe atapita bila kupingwa, watoto wa wodi ile watakuwa na skrini inayojua kunyamaza, kwa hiyo ni sentensi yenye faida, ni ya haki, tena ni ya kweli... ni ya kweli? Siku ya mazishi Babu alibeba viti. Alivibeba viwili viwili kila mkono akiwa na shati lake la kazini, akamshika mama mkono kwenye matope, akamwita mama yangu, akaondoka wa mwisho, na hajui, mpaka sekunde hii anayofunga na kufungua kalamu hajui, ataambiwa kwa sentensi moja na baada ya hapo ataishi na nini, atarudi nyumbani kwa mke aliyemwangalia akasema nini, leo nimegundua nimeua mtu kwa mstari mmoja wa msimbo... na asipoisema? Asipoisema atatoa sababu gani ya mwezi mzima wa kazi, bosi atasema mapengo yanatisha wateja, atasema, yaani anasema, anasema sasa hivi, "...maana Kobe ana hii tabia ya kuacha mapengo, nimeona kwenye majaribio, grafu kama kinywa cha marehemu babu yangu, pengo, jino, pengo, jino, hii ukimpelekea mteja atadhani mfumo umeharibika," kumbe alifika ukurasa wa mwisho. Kumbe alisoma yote, na alichokiona ni meno.

Lakini na dada naye alikuwa akipendezesha, haya, tuseme ukweli wote, kazi yake ilikuwa kufuta chunusi, kunyoosha kola, kumpa bwana harusi mwenye usingizi macho ya mtu aliyelala vizuri, na ukimcheka alikuambia, "Mdogo wangu, hakuna anayekuja kwangu kuonyeshwa alivyo, kioo anacho nyumbani," akiendelea kufuta kwa kalamu ya kompyuta ulimi ukiwa umechungulia pembeni ya mdomo... ila mara ile moja, mwanamke alileta picha ya mwanawe ikuzwe ibandikwe njiani, kijana amepotea, na yule mama akaomba lile kovu la shavuni liondolewe, hakulipenda, alitaka watu wamwone mwanawe mzuri, na dada akaiweka kalamu chini, akasema pole pole kuliko alivyowahi kusema na mteja, "Hili siliondoi, mama. Picha ya kuweka sebuleni nitakutengenezea, bure, nitamng'arisha mpaka umsahau. Lakini hii ya kumtafutia mtu tunaiacha kama alivyo." Mama yule alikasirika, akalia, akakaa, kovu likabaki. Yeye mwenyewe alikuwa pale kwenye kigoda akingoja waende kula, akaona dada yake mkaidi tu, basi, njaa ilikuwa inamuuma.

Picha ya kumtafutia mtu... na yeye je, yeye anachora nini, alipofika nyumbani kutoka wodini mama alikuwa mlangoni na hakuuliza amekufaje, aliuliza kama aliteseka, na yeye akasema bila kupepesa, "Alilala tu, mama, alishuka taratibu," maneno ya muuguzi yaleyale, upindo uleule, na mama ameyachukua na kuyagawa kwa kila anayekuja kutoa pole, alilala tu mwanangu, alilala tu, mpaka yamekuwa laini kama jiwe la mtoni, na si hilo tu, kila siku tangu siku ile yeye mwenyewe anachora, anakitazama kibanio juu ya kimeza na kukiunganisha na kifo, siku moja dada alitaka kujikuna, siku nyingine alitaka kumpigia simu yeye, na simu haikupigwa, siku mbaya zaidi dada alijua anachofanya, alikivua kwa makusudi, akakilaza, akalala, na siku za hasira dada hayumo kabisa, yumo Babu, mstari umenyooka kutoka kwenye kalamu ya Babu mpaka kwenye shuka... na kila mstari ni mzuri, kila mmoja unafika, kila mmoja ukiupelekea mshale hautoi namba. Anazitupa tupu. Amekuwa Bi Harusi. Anaona hili wazi, katika chumba chenye joto, akiwa na kikombe cha chai iliyopoa, na halimfariji hata kidogo, ni kama mtu aliyekuwa ameegemea ukuta na sasa ukuta umeondolewa, maana nukta anazo mbili tu, tisini na nne, na mwisho, na katikati hapo hatajua, si leo, si akizeeka, hata aje nani amwambie nini, patabaki weupe, na dada yake yumo ndani ya weupe ule na ndipo mahali pekee alipobaki mzima, alivyokuwa, hajapakwa kitu.

"Haya, Injinia," bosi anasema, amekaa robo ya kalio kwenye meza, "tumekuamini. Ipi?"

"Kobe," anasema.

"Usinitanie."

"Sikutanii, bosi."

"Mwezi mzima? Tumkokote kobe mwezi mzima tumfunge kamba kwenye kiunzi, na bibi harusi amekaa mlangoni kavaa shela?"

"Mwezi mzima. Nitaandika kipachiko mimi." "Yale mapengo, bosi, si ubovu. Pale hatujui. Na muuguzi lazima aone kwamba hatujui, ili anyanyuke pale alipo aende kitandani akatazame kwa macho yake. Mstari ukipita juu yake, hanyanyuki. Mimi nisingenyanyuka. Wewe usingenyanyuka." Na sentensi ile nyingine, ile sindano, bado iko ulimini, anaisikia ubaridi wake, anaiacha hapohapo, haimezi wala haitemi. Kalamu imenyamaza. Babu amemtazama, na yeye anaona jambo likipita nyuma ya uso wake taratibu sana, mtu anayepiga hesabu asiyoitaka, tupu, chuja, skrini, wodi, dada, na anaona kwamba hakuhitaji kuambiwa, msimbo wake anaujua, hakuna anayeujua kama yeye.

"Mjukuu," Babu anasema. Ni mara ya kwanza kumwita hivyo tangu mazishi. "Wodi ile... walikuwa wanatumia skrini yetu?"

"Ndiyo."

Bosi anasema, "Jamani, hayo—"

"Ilikuwa ni ule mstari wangu?"

Na hapa angeweza kusema hapana, Babu, Mungu alipenda, na angemwonyesha ngazi ya kushukia, na angeweza kusema ndiyo, na kila jibu lingekuwa laini na lingefika, na mikono ile imelala mezani viganja juu ikingoja lolote kati ya hayo. "Sijui, Babu," anasema. "Kibanio kilikuwa kimevuliwa. Skrini ilikuwa inaonyesha tisini na nne. Kama ingeonyesha pengo, muuguzi angewahi au asingewahi, sijui. Siwezi kujua." Hakuna huruma ndani ya jibu lile wala hakuna shutuma, amezitafuta zipo wapi na hakuziona, kuna weupe tu, na Babu anaupokea, anaitikia kwa kichwa, mara moja, anaitikia tena.

Bosi anashuka mezani. Anazima projekta, shati lake linarudi kuwa jeupe, na kwa mara ya kwanza leo anasema jambo mara moja tu, "Basi ni Kobe." Lakini Kobe ni mwezi, na skrini ya zamani iko wodini sasa hivi, na mchujo unachuja sasa hivi, hilo halisemwi na mtu, linasikika tu chumbani, na ni Babu anayeivuta kompyuta yake, anaufungua msimbo wa zamani, hautafuti, anajua ulipo. Ndivyo ilivyoamuliwa, leo hii hii kilicho tupu kizuiwe kisiiangushe grafu lakini kisitupwe tena, namba ifutike na mahali pake paandikwe kwa herufi nyekundu kwamba mgonjwa huyu haonekani, aendewe. Aliyeifanya kazi hiyo ni Babu mwenyewe. Vidole vilimkosea mara kadhaa, akafuta, akaanza upya, hakuomba msaada, na yeye hakumpa, alizunguka tu meza, akavuta kiti, akakaa kando yake.